Shimo la Nne

Kibanda cha Kighoma kilikuwa Birere:
mbao, bati lililotoboka,
na televisheni yenye tumbo kubwa
iliyogeuka kijani kila mvua iliponyesha.
Faranga hamsini, roho tatu.
Ukizimaliza, inuka, mpishe mwenzio.

Ndani ya kaseti aliishi mtu mfupi asiye na macho.
Tulimwita Kapitula, kwa ajili ya kaptula yake.
Alijua kwenda kulia tu.
Nyuma yake dunia ilijifunga
kama mpaka wa Gisenyi usiku.

Shimo la kwanza, hata mtoto wa chekechea.
La pili na la tatu, macho tu.
La nne lilikuwa na moto,
miraba myekundu ikipanda na kushuka.
"Usiutazame moto," Kighoma alisema, "tazama ng'ambo."
Dada yangu Kanyere aliliruka
huku anatafuna muwa.

Januari ile mlima ukateremka mjini
bila kulipa faranga hamsini.
Tulitembea, magodoro kichwani,
Mama akituhesabu gizani: mmoja, wawili, watatu,
nami, Mungu anisamehe,
nikadhani anahesabu roho zilizobaki.

Tuliporudi, soli za viatu zilinuka.
Palipokuwa kibanda palikuwa jiwe,
jeusi, bado linapumua.
Kanyere akafungua pindo la kitenge.
Hakuokoa sahani. Hakuokoa cheti cha shule.
Kaseti.
Mama alimpiga kofi, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Leo natengeneza simu juu ya jiwe lilelile.
Mbusa, mwana wa Kanyere, ana michezo yenye watu
wanaotoka jasho, wanaolia, wenye kivuli.
Kila Jumapili anaifuta apate nafasi ya mingine.
Lakini jioni huegemea meza yangu:
"Mjomba, ile ya Kapitula ipo?"

Nimejiuliza anatafuta nini.
Si picha. Si muziki pia,
noti nne, kuku akidonoa sufuria.
Labda ni kwamba shimo la nne liko palepale,
hatua saba baada ya ukuta wa matofali.
Bei ya unga imehama, majirani wamehama,
barabara ya Rutshuru leo wazi kesho imefungwa;
shimo halijasogea hata kidole.
Ukianguka, kosa ni lako,
na kosa lililo lako unaweza kulirekebisha.
Ni mangapi hapa mjini yanakupa hayo?

Jana usiku alifika, ulimi nje, bega limeinuka.
Kanyere, mlangoni na ndoo ya maji,
akasahau kuitua.
Mbusa akabonyeza. Kapitula akaruka,
na umeme ukakatika.

Mtaa mzima ukaguna.
Gizani nikamsikia mtoto ananong'ona,
kidole bado kimekaza:
"Hajaanguka. Mmeona wote.
Alikuwa bado hewani."