Koti la Profesa

Profesa Harkort alifika Gangilonga mwezi wa sita
na masanduku matatu ya vitabu, koti moja.
Vitabu vinne kaandika mwenyewe, vyote juu ya nia:
wizi huanzia wapi,
kichwani, au kwenye kitasa cha mlango?

Wiki ya tatu koti likapotea.

Wiki ya nne akaliona getini,
limemvaa Kikoti, mlinzi wa usiku;
jina lilimkaa, koti lilimpwaya,
mikono imemeza vidole.
"Habari za usiku?"
"Baridi, Profesa."
Akapita.
(Kikoti mwenyewe alinisimulia, baadaye sana.)

Asubuhi akaandika ubaoni:
*Je, baridi ni utetezi?*
Tukacheka.
Nikajibu kurasa sita, kwa vifungu na mashauri: hapana.
Akanipa alama zote, na chini, kwa wino mwekundu:
"Sahihi. Hivi hivi ndivyo nami nilivyoupata uprofesa."

Leo mimi ni hakimu, Makambako.
Julai, ukungu ungali umeegemea dirisha,
karani akishasoma shtaka,
kabla sijauliza ni kweli au si kweli,
namtazama kwanza mshtakiwa
amevaa nini.