Inchi Tatu

Kiboriloni mimi ndiye napunguza makoti.
Mtu huja na koti la mitumba lenye mabega ya fahali,
huondoka na koti lake mwenyewe.
Chaki, futi kamba, mkasi. Sijawahi kuogopa mkasi.

Lakini bati halina upindo.
Ukilikosea, hakuna kufumua.

Pijo la baba, mia nne na tatu,
lililala nyuma ya nyumba, Pasua, tangu mwaka wa mazishi.
Kuku walitagia kiti cha nyuma.
Paa lake lilikuwa la enzi zile
karani wa kahawa haendeshi bila kofia kichwani.
Nikasema nitalishusha. Inchi tatu tu.
Mama akauliza: Na kichwa cha baba yako utakiweka wapi?

Nilibandika tepu ya karatasi kwenye nguzo,
nikapima, nikabandua, nikapima,
usiku nikaota nguzo zinanipima mimi.
Siku ya tisa nikawasha grainda.
Cheche ziliruka hadi kwenye migomba ya jirani,
na ile sauti, nisikufiche, ilikuwa ya mbuzi
aliyeng'amua kwamba Krismasi imefika.

Nguzo ya kwanza. Ya pili.
Ya tatu ilipoachia, mlango wa dereva ukajifungua wenyewe
ukagoma kurudi.
Sikuwa nimechomelea mabomba ya kushikilia tumbo,
mimi, ambaye sikati hata mfuko wa shati bila pini.
Terewaeli alilitazama pengo, upana wa dole gumba,
akatafuna muwa wake hadi kwenye fundo,
akasema, "Fundi nguo."
Tusi zima lilikuwa hilo.

Paa likiwa linaning'inia kwenye winchi, umeme ukakatika.
Halafu mvua ya Aprili, ile isiyobisha hodi.
Nililifunika gari kwa vitenge vya wateja,
vyote sita. Kimoja kikachuja.
Mpaka leo kiti cha mbele kina ua la zambarau,
na kuna mwanamke wa Njoro hanisalimii.

Kisha lile nisilolijua:
nguzo za gari hazikusimama wima, zimeegemea ndani,
kama ndugu wawili msibani.
Ukizifupisha hazikutani tena.
Paa lililoshuka limekuwa fupi.
Ili gari liwe chini, ilinibidi nilipasue paa katikati,
niliongezee kipande,
kama ninavyotia kitambaa kiunoni
mwa suruali ya mume aliyenenepa akidhani ni siri.
Hapo mikono ilijua kabla yangu.
Nikachora kwa chaki ileile ya makoti.
Terewaeli akauweka muwa chini.

Mzirai wa vioo alivunja cha kwanza kwa haraka,
cha pili kwa uangalifu. Cha tatu kikakubali.
Puti, msasa, puti.
Watoto wa mtaa wakaniita babu kwa zile nyusi nyeupe.

Jumapili nikaliwasha.
Mama alikaa kushoto na kofia ya baba,
akaivaa, ikagonga paa,
akaivua bila neno, akailaza mapajani
kama mtoto aliyesinzia ibadani.

Tukashika njia ya Kibosho.
Mlima ukatoka mawinguni, nami nikauona hadi kifuani tu;
kichwa cheupe kilibaki kwenye zile inchi tatu.
Ikabidi niinamie usukani,
shingo mbele, kidevu karibu kinagusa honi,
ndipo nikauona wote.
"Kumbe unajua kuinama," Mama akasema.

Vipande vya nguzo vilikuwa sita.
Kimoja kinazuia mlango wa jiko usipigwe na upepo.
Vingine sijui amevipeleka wapi.
Sijauliza.