Cheti Kililowa

Nianze na kosa langu; mficha uchi hazai.
Miaka kumi na tisa niliendesha lori la maziwa
kutoka Kivilaane hadi kiwandani,
na kila Aprili, theluji ikishayeyuka,
mvua ya kwanza isiyouma ikinyesha usiku,
nilisikia chini ya magurudumu
pwa, pwa,
kama mtu anayekanyaga maganda ya mayai.
Niliongeza sauti ya redio.

Ndipo taa zangu zikamkuta Virve
katikati ya barabara, ndani ya koti la njano la marehemu mumewe,
ndoo ya rangi kando yake,
amepiga magoti kwenye lami kama aliyeangusha pete.
Nikapiga honi. Hakuinuka.
Nikashuka, matusi yameiva mdomoni,
akanikabidhi chura.
"Mshike vizuri," akasema. "Huyu ana mayai."

Alikuwa baridi, mzito kuliko nilivyodhani.
Koo lake lilipwita juu ya dole gumba langu
kama saa ya mfukoni.
Yale matusi sijui yalikwenda wapi.

Husemwa kelele za chura
hazimzuii ng'ombe kunywa maji.
Sawa. Na chura asiyepiga kelele?
Anayevuka tu, kimya, kutoka msituni
kwenda bwawa alilozaliwa,
kwa njia waliyopita mababu zake,
akaikuta lami imelala mlangoni?

Mwaka ule tulikuwa wawili na ndoo moja.
Kisha akaja Endel, mwalimu mstaafu wa hesabu,
na daftari lake la miraba;
kisha pacha wa duka la mikate, Kaur na Mirt,
waliotakiwa kuwa kitandani.
Baa ya kijijini walituita wakunga wa vyura.
Tuliitika. Ndoo zikafika kumi na moja.

Mwaka huu mkoa umetukumbuka.
Ukumbi una joto, zulia linameza viatu,
keki ina chura wa sukari mwenye taji.
Afisa amesoma kurasa nne za mustakabali na ushirikishwaji,
akamwita mbele "Bibi Virge".
Virve akaenda. Ndiye, kwa nini asiende?
Akapokea cheti, akapigwa picha
akiwa amefumba macho.

Ndipo nikaisikia kwenye vioo.
Endel naye akaisikia, akasogea dirishani
kusoma kipimajoto: nyuzi saba.
Virve akanitazama juu ya vichwa vya waheshimiwa
jinsi mke anavyomtazama mumewe karamuni
sufuria ikiwa imeachwa jikoni.
Tukatokea mlango wa wapishi.
Keki hatukuionja. Pacha waliionja.

Walikuwa wametangulia, barabara yote inatambaa:
majike wakibeba madume mgongoni,
macho ya dhahabu mbele ya tochi,
na sisi na suti zetu, magoti kwenye tope,
tukiinua, tukihesabu, tukivusha.
Mvua ikazidi. Daftari la Endel likaanza kulia wino.
Virve akachomoa cheti kifuani,
akakitandaza juu ya daftari kama paa,
akakishikilia hivyo mpaka saa tisa usiku,
na lile jina lisilo lake
likachuruzika polepole hadi mkononi.

Mia sita na arobaini na wawili walivuka.
Hiyo ndiyo safu ya kwanza,
ile iliyosomwa ukumbini mwaka hadi mwaka na kupigiwa makofi.
Ipo ya pili, nyembamba, pembeni mwa ukurasa.
Usiku ule Endel aliandika humo: kumi na wanne.
Nami nikiiona, kimoyomoyo,
huongeza wangu,
wa miaka kumi na tisa,
ambao hakuna aliyewahesabu.