Maji ya Chokaa

Saa kumi na moja alfajiri, Chumbageni,
Mwantumu hajawasha jiko,
mimi nahesabu matone kwenye kichupa.
La tano: buluu.
La sita linasita.
La saba: manjano, kama samli.
Mapema mno. Juzi tulifika nane.

Alkali imeshuka.
Kalisi iko pale pale, mia nne na kumi,
imetulia kama mgeni aliyekula akashiba
asijue mwenyeji amelalia maji.

Miaka ishirini na sita nilivaa koti jeupe
maabara ya kiwanda cha saruji,
nikiyapima mawe
kabla hayajaingia motoni.
Kabla yangu, baba, Mwinyikai,
alipanga matumbawe juu ya magogo,
tabaka kwa tabaka, akayachoma
siku mbili, usiku na mchana,
hata yakatoka meupe, mepesi, yanayouma ulimi.
Ukuta huu ninaouegemea
ni mkono wake.

Nami chokaa ile ile
natia kijiko kimoja kwenye dumu,
naacha unga ukae chini,
yale maangavu ya juu nayadondosha
kwa mpira wa dripu niliopewa Bombo,
tone kila pumzi mbili,
usiku kucha,
ndani ya tangi la futi nne
alilokata fundi Kihiyo, Barabara ya Kumi na Mbili,
akaniuliza ni la kufugia perege.

Ni la hiki.
Hakifiki kiganja.
Nilikikuta maji ya kiuno, mwaka ule wa baruti,
upande mmoja umekufa, upande mmoja bado,
nikakileta nyumbani kwa ndoo ya mafuta ya kupikia
bila kumwambia mtu.

Mwaka jana nilifanya pupa.
Nilikuwa nawahi maziko Pangani,
nikatia chokaa na magadi kwa mkono mmoja.
Niliporudi, tangi zima ukungu,
unga mweupe ukishuka taratibu
juu ya pampu, juu ya kioo, juu yake yeye,
kama vumbi la kiwanda juu ya paa zetu za zamani.
Nikapima. Hakuna.
Viwili vilikumbatiana, vikaanguka pamoja,
vikawa jiwe lisilomfaa mtu.

Mwantumu, ufagio mkononi, alicheka mpaka akakaa:
"Wape zamu, kama wake wenza!
Huyu asubuhi, yule usiku.
Na usiwakutanishe mlangoni."

Basi ni zamu.
Umeme ukikatika napuliza kwa pampu ya baiskeli,
wanangu wanapigiana simu kuulizana habari zangu.

Tangu Ramadhani, milimita tatu.
Nimeweka rula juu ya kioo, nikapima tena, ni tatu,
ncha nyeupe, laini kama jino la mtoto.
Siku mbili za baba
zingekula miaka mingapi ya hivi?
Sijapiga hesabu. Naogopa hesabu hiyo.

Kijiko cha magadi, nusu, na robo.
Nakoroga.
Jikoni Mwantumu anafungua kopo, analifunga,
anauliza nani kamaliza magadi
na maharage yako motoni.