Dobi wa Kilomita Mbili Chini

Kazi yangu Sudbury ni kufua.
Ovaroli mia na ishirini kwa zamu, nyeupe, za saizi zote,
za watu washukao mgodini kilomita mbili
kwenda kuzitazama nyota.
Nilicheka siku ya kwanza. Aino, msimamizi, hakucheka.
"Vumbi," alisema. "Hata chembe. Hata unyoya wa soksi."
Wanaoga kabla ya kuanza kazi, kama waumini.

Réjean wa zamu ya usiku ndiye aliyenieleza,
ameketi juu ya ndoo yangu ya sabuni:
nyota nayo ina jiko.
Nyota kubwa hupika haidrojeni mamilioni ya miaka,
ikiisha hupika majivu ya jana, heliamu, kaboni, oksijeni,
kila chungu kikiiva upesi kuliko kilichotangulia,
hadi siku moja, siku moja tu, inapika chuma.
Na chuma hakitoi moto. Chuma kinakula.
"Halafu?"
"Halafu jiko linaanguka
kabla hujamaliza kusema halafu."

Na jua letu? Hilo dogo. Litavimba, liwe jekundu,
liimeze Utaridi, liimeze Zuhura,
kisha linywee, libaki kaa lisilopulizwa na mtu.
Kama mstaafu wa reli, nikawaza: kwanza tumbo, baadaye kimya.
Galaksi ina mji wake mkuu, anasema,
na sisi tuko nje ya mji. Karibu na Sudbury.

Mimi ni Doto. Kulwa alitangulia dakika ishirini
na hakuacha kutangulia:
yeye dhahabu Nyarugusu, duara la futi mia mbili, kurunzi kichwani,
mimi maji ya moto na theluji.
Tulizungukana kwa simu kila Jumapili,
kila mmoja akidhani mwenzake ndiye azungukaye.
Réjean anasema nyota nyingi huzaliwa hivyo, pacha,
na kinachozungukwa, pale katikati, hakuna kitu.

Nilimwambia Kulwa dhahabu yake inatoka wapi:
maiti mbili za nyota, nzito kupita akili,
zilizozungukana mpaka zikagongana.
Simu ikakwaruza kwa kicheko chake.
"Basi waambie wakuonyeshe maiti nyingine,
za huku zimekwisha."

Desemba, saa tisa usiku, simu iliita mara moja ikakatika.
Namba ya shemeji. Mikono yangu ilikuwa na povu.
Nikasimama. Mashine zikazunguka.
Nilijua.
Maneno yenyewe yalifika saa nne baadaye:
mvua, mbao zilizooza, watu watano.

Wanachokingoja kule chini ni nyutrino,
chembe isiyo na uzito wa kutaja.
Inapita mwamba, inapita titi na mfupa, haipigi hodi.
Nyota ikiporomoka, hizo ndizo zinazotoka kwanza.
Mwanga unabaki nyuma,
unahangaika saa nzima nzima
kujitoa ndani ya kifusi.
"Wewe ulipata nyutrino," Réjean aliniambia,
akashika mdomo wake.
Sikukasirika. Nilikuwa natafuta jina lake.

Alfajiri nilitoka uwanja wa magari, baridi ikikata masikio.
Kilimia kilikuwa kinazama.
Kwetu ni kalenda ya jembe;
hapa nimeambiwa ni watoto wachanga,
hata hawajafika mbali na mahali walipozaliwa,
na wale wang'aao zaidi ndio hawatakaa.
Hilo ningeweza kuwaambia mimi.

Nikarudi ndani. Kichujio kilikuwa kimejaa.
Nilikikung'uta kiganjani: vumbi la kijivu, jepesi,
la nguo za watu nisiowajua.
Aino alisimama mlangoni. Hakusema neno lake.
Alinifungulia.
Nikalipuliza juu ya theluji, likakaa.

Zilibaki ovaroli arobaini na tatu.