Mabano

Kazi yangu ni masikio.
Nyuma ya kioo, bunge la kaunti, hapa Malindi,
navaa visikizio vilivyobanduka sponji
na kuandika kila neno la waheshimiwa.
Yasiyo maneno nayatia kwenye mabano:
(Makofi.) (Vicheko.) (Waheshimiwa wazungumza kwa pamoja.)
Kimya hakina mabano yake. Niliuliza, nikaambiwa hakina.

Umazi Fondo nilimsikia kabla sijamwona:
viatu vya kuazima, kisigino kimoja kimelegea,
ko, ka, ko, ka, mpaka kiti cha nyuma kabisa.
Mwalimu wa chekechea kutoka ng'ambo ya Sabaki,
alishinda kwa kura kumi na tisa,
na kumi na mbili kati ya hizo, alisema mwenyewe,
ni za wazazi aliowasamehe karo.

Hotuba yake ya kwanza ilikuwa ya dakika nne.
"Bwana Spika, kwetu maji ya bomba hupita.
Hupita tu.
Bomba nene kama mnazi ulioanguka,
na watoto wangu hulilalia sikio
wasikie yanavyokwenda kwa watu."
(Vicheko.)
Niliandika vicheko kwa kuwa vilikuwapo.
Yeye hakuwa amefanya mzaha.

Mwaka wa pili akajua kusema "kwa idhini yako".
Akajua kwamba hoja huzaliwa kamatini
na huko huko huoshwa, ikavishwa sanda;
kwamba ukumbi una milango miwili,
na bajeti hupitia ule wa mgahawani.
Simu ikitetemeka mezani, kipaza sauti hunasa:
huyu ana maiti hospitalini, bili haijalipwa,
huyu ana fomu ya basari,
yule anaoza binti, anataka mbuzi, tena dume.
Posho iliyoingia asubuhi
adhuhuri ilikuwa imeshakuwa unga na nauli.

Mwaka wa nne akaenda Kigali,
safari ya mafunzo juu ya maji,
akarudi na mkoba.
Nasema nilichokiona. Mkoba ulikuwa mzuri.

Muhula wa pili viatu vyake havikulia tena.
Alikaa kiti cha tatu kutoka mbele, akanenepa sauti.
Alhamisi moja ikaja bajeti ya ziada:
fedha za bomba dogo la kule kwao
zihamie ukuta wa nyumba rasmi.
"Wanaosema ndiyo?"
Ndiyo zote hufanana kwenye karatasi,
ila mimi nina visikizio.
Yake ilikuwa fupi, ya mtu anayemeza kwinini.
Sijui aliahidiwa nini. Huenda hakuahidiwa kitu,
huenda alikuwa amechoka tu, saa kumi na mbili kasoro.
Niliandika: hoja ikapitishwa.

Safari ya tatu wadi ikamwangusha kwa kura elfu mbili.

Wiki ile ya kukabidhi ofisi akapanda hadi kwangu,
akavua viatu mlangoni sijui kwa nini,
hapa si msikitini.
"Ile ya kwanza," akasema. "Ya bomba. Unayo?"
Nikaitafuta kwenye kompyuta, nikampa visikizio,
nikawasha na spika ndogo ya mezani nisikie naye.
Dakika nne. Sauti nyembamba, yenye Kigiriama chake.
Vikaja vicheko.
"Rudisha hapo."
Nikarudisha.
"Tena."

Safari ya tatu nikakisikia na mimi:
chini ya vile vya wanaume, karibu kabisa na kipaza sauti,
kicheko kidogo cha kike,
kama cha mgeni asiyetaka kuharibu shughuli ya watu.

"Kumbe nami," akasema.
Kisha: "Ongeza hapo kwenye mabano. Kwamba nilicheka nao."
Nikamweleza kumbukumbu ikishapigwa muhuri haiongezwi.
Akaitikia kwa kichwa. Anazijua kanuni,
kanuni anazijua kuliko wengi.

Akashuka na viatu mkononi,
ngazi ishirini na mbili,
nami nimetega masikio, sikusikia kitu.