Swali la Tatu

Adenosini ni mjumbe wa nyumba kumi.
Kila saa unayokesha anapita na daftari lake,
anapiga hodi kwenye ubongo:
mchango wa usingizi, mama, mchango wa usingizi.
Kafeini ni mpangaji mjanja.
Amevaa pete mbili kama za ukoo wa mjumbe,
anakaa kizingitini, mguu mlangoni,
hafungui, haondoki.
Mjumbe hagombi. Anaandika deni.

Hayo nilifundishwa Muhimbili, mwaka wa pili,
na mwalimu aliyepiga miayo akigeukia ubao.

Kahawa haikunitosha.
Wiki ya mitihani, Bahame wa ghorofa ya juu
alinipeleka Kariakoo, duka la dawa
lenye feni iliyovunjika shingo.
Muuzaji hakuuliza cheti.
Alikata vidonge vinne kwa mkasi,
taratibu, kama anayempunguza mtoto kucha,
na jina la dawa likakatika:
“…finili,” nikasoma. Nyingine nikajaza mwenyewe.

Saa sita usiku nikameza kimoja
kwa maji ya bomba yenye harufu ya klorini.
Saa nane dunia ikanyooka.
Herufi zilisimama kwata.
Sikusikia njaa, wala mbu,
wala simu ya mdogo wangu Mwajabu, mara tatu.
Dopamini ilizibiwa njia ya kurudi,
ikabaki ukumbini ikinipigia makofi
kwa kila nilichosoma,
hata maandishi ya chupa ya shampuu.

Asubuhi nikameza cha pili.

Swali la tatu lilikuwa la alama tano:
Eleza kwa ufupi dawa inavyovuka kuingia ubongoni.
Kwa ufupi!
Nilichora kila pete kwa rula.
Nilichora kuta za mishipa, seli kwa seli,
na mafuta yanayoiruhusu molekuli ipenye
kama mgeni anayejua jina la mlinzi.
Kurasa kumi na tisa.
Sijawahi kuwa na akili kama siku ile.
Bi Kokugonza akaweka kiganja juu ya karatasi yangu:
“Muda, binti. Muda umekwisha.”
La kwanza, la pili, la nne, la tano:
weupe, kama shuka za wodini.

Mjumbe alikuja jioni na daftari zima.
Nililala hadi keshokutwa, viatu mguuni.

Matokeo? Swali la tatu, tano kwa tano.
Mwajabu alikuwa anataka kuniambia kitu.
Anasema ameshasahau.

Vidonge viwili bado vipo, kwenye kopo la wanja.
Sijavitupa.
Mwezi ujao nina mtihani wa marudio.